Baba, Mbwa Uliyemsubiri Amefika Migwani

Toroli ndilo lililotufikia kwanza siku zote, Baba. Gurudumu lile kavu lilianza kulia huko kwenye kona ya kanisa, kikafuata kikohozi chako, kisha sauti yako ikimwuliza mtu njiani kama mbuzi wake ameshazaa. Kofia yako ilionekana juu ya ua baadaye sana. Sasa mwaka mzima umekwisha na toroli limeegemea ukuta. Hakuna aliyeligusa. Kusema kweli, tumechoka.

Wanaosoma na hawakukujua, tuwaambie. Huyu ni Mzee Nzioka Nyamai, muuza mbuzi wa soko la Migwani, aliyetaja kasoro ya mbuzi kabla ya kutaja bei. "Huyu akichoka anaburuta mguu wa nyuma." "Huyu mama yake hakuwa na maziwa." Wenzako walikuwa wakikuuliza, "Nzioka, wewe unauza ama unashtaki?" Ulicheka nao, na jioni ulirudi umeuza. Na ulipokuwa ukinunua, neno lako lilikuwa moja: "Nionyeshe mama yake." Mama asipoonekana, uliaga.

Fisi walipovunja zizi, mbwa wetu mdogo alikimbilia chini ya kitanda cha Kaluki, binti yako. Asubuhi ulisimama katikati ya damu ukasema, "Sasa tunataka mbwa ambaye fisi akimwona ataomba msamaha."

Ndolo, mwanao, alikuletea simu na picha za mbwa wakubwa wa dunia nzima. Alikuwa ameshampenda mmoja wa nchi za theluji, mwenye manyoya hadi machoni. "Angalia, Baba! Ni kama ndama!"

Ulimrudishia simu. "Huyu amevaa koti. Hapa kwetu atalivulia wapi?"

Akakuonyesha mwingine, mrefu kama punda, ngozi nyembamba. Ukasema huyo akilala juu ya mawe yetu atachubuka kila siku. Mwishowe ulimchagua boerboel, mbwa wa mashambani wa Afrika Kusini, nywele fupi, kifua kipana. Ndolo alinuna kidogo, kwa sababu alitaka lile koti.

Muuzaji wa kwanza mlimkuta kando ya barabara ya Mombasa, watoto wa mbwa ndani ya katoni. Kulikuwa na mmoja mzuri ajabu, amefungwa kitambaa chekundu shingoni. Ndolo alikuwa ameshamtia ndani ya jaketi ulipouliza mama yake yuko wapi.

"Amesafiri, mzee."

"Amesafiri? Alipanda gari gani?"

Watu waliangua kicheko. Ndolo hakucheka. "Baba, mbwa ni huyu hapa. Mama wa nini? Kwani tunaoa?"

"Mke akiumwa atakuambia mwenyewe," ukamjibu. "Huyu nitamwuliza nani?" Ukamtoa yule mtoto ndani ya jaketi polepole, ukamrudisha kwa ndugu zake. Mwanao alikaa kiti cha mwisho cha matatu, mbali nawe, hadi mlipofika Kibwezi.

Kibwezi mlimkuta Mama Kanyiva, mkulima wa mboga anayefuga pia mbwa hao kule karibu na mto. Alimfungulia mama mbwa kabla hujafungua kinywa. Akamtembeza mbele yenu, aende na arudi, ili muone nyonga zake zinavyofanya kazi. Akakuonyesha na baba mbwa. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kuyataja mabaya. Dada wa huyo mama alikuwa na nyonga mbovu, kwa hivyo hakumzalisha tena. Wanakula sana. Wanakunywa sana, na ninyi huko kwenu maji ni ya kutafuta. "Na wakubwa hivi hawaishi miaka mingi, mzee. Mtamzika mkiwa bado mnampenda."

Ulirudi nyumbani umefurahi kama mtu aliyempata ndugu aliyepotea. "Yule mama anauza kama mimi," ulimwambia mkeo, Mama Muthoki. Lakini ulirudi mikono mitupu. Mama mbwa alikuwa ametoka kunyonyesha juzi tu, na Kanyiva alikataa kumzalisha kabla hajapumzika. Ulisema utangoja.

Ndolo aliwaka. "Fisi hawangoji, Baba!"

"Ndiyo maana wao ni fisi," ukasema, ukaomba chai.

Kifua kikakuchukua kabla ya wale watoto kuzaliwa.

Baba, hatutakudanganya, mwaka huu umetukalia vibaya. Mama Muthoki ndiye amekuwa akilala zizini, ana tochi na sufuria ya kugonga. Kanisani anasinzia katikati ya maombi, na wanawake wenzake wanamwegemeza begani wakijifanya hawajaona. Kaluki anakuja kutoka Kitui mjini akipata nafasi, anafua, anapika, anarudi. Hata hivyo mbuzi wamepungua. Ndipo Mama akampata mnunuzi wa Matinyani atakayewachukua wote waliobaki.

"Mbuzi za Baba hazitoki hapa!" Ndolo alisema, akipiga meza.

"Sawa," Mama akamwambia. "Basi lala nazo wewe."

Ndolo akaangalia mlango. Sote tulijua begi lake limeshafungwa, liko nyuma ya mlango, na kwamba rafiki yake amemtafutia kazi Nairobi.

Wiki chache baadaye Kanyiva akapiga simu. Hakuwa amesahau. Watoto wa mbwa walikuwa wameachishwa kunyonya, wamechanjwa, na mmoja alikuwa wako. Mama alishika kichwa. "Mimi sina nguvu ya kulea tena," akasema. Ndolo akaenda peke yake.

Kanyiva alimpa pole, akamkaribisha uji, lakini mbwa hakumpa. "Mimi nilimwahidi mzee. Wewe nakukumbuka, ulisimama pale mlangoni umenuna. Huyu atakaa na nani?"

"Mama, nimetoka Migwani!" Ndolo alimwambia. "Unataka nirudi nikakuletee chifu?"

"Chifu ana kazi yake. Nakuuliza wewe. Huyu akikua atakushinda uzito. Asipokuwa na mtu wake, atawaumiza watu. Atakaa na nani?"

Ndolo anasema aligeuka aondoke. Alifika hadi kwenye lango. Hapo hasira ikamwisha kwa uchovu tu, akarudi, na bila kukusudia akajisikia akiuliza, "Mama yake yuko wapi?"

Kanyiva akamfungulia. Ndolo akakaa chini na mama mbwa, wakatazamana hadi jua likapungua. Jibu alilompa Kanyiva hakutuambia. Ila alirudi na mbwa.

Ungemwona, Baba! Miguu mipana kama sahani, na anamwogopa jogoo. Analala mchana kutwa. Kanyiva ametuonya tusimharakishe, mifupa ya mbwa mkubwa hivi hukomaa polepole, na itachukua kama miaka miwili kabla hajawa mlinzi wa kutegemewa. Mama aliposikia hayo alikaa kwenye kizingiti. "Kwa hivyo tumeongeza mtoto mwingine wa kulindwa," akasema. Akacheka, kisha akalia, na hatukujua tumwendee kwa lipi kati ya hayo mawili. Mnunuzi wa Matinyani alikuwa anakuja Alhamisi.

Tunaokukumbuka ni mkeo Muthoki, watoto wako Kaluki na Ndolo, dada yako Katunge, mjukuu wako Nthiwa ambaye bado anauliza utarudi lini kutoka sokoni, na watu wa soko la mbuzi la Migwani, ambao sasa wanataja kasoro kwa sauti yako wakitaka kuchekesha wanunuzi. Siku zote tutakazoishi, hutatutoka moyoni.

Jumapili tulikutana kaburini kwako kwa maombi. Mchungaji alipomaliza, Mama aliinuka aende kuwafungia mbuzi, akayumba. Ndolo alimshika mkono, akamkalisha, akamwambia mbele yetu sote, kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani:

"Mama, mpigie yule mtu asije Alhamisi. Siendi Nairobi. Kuanzia leo zizini nitalala mimi, hadi mbwa akomae, na akishakomaa utanikuta bado niko hapa. Wewe nenda ukalale."