Mstari Ulioufuta

Mzee Gaspard,

Leo sikuamkii. Wiki ya tatu tangu tukuzike, mkeo, Mama Clarisse, alinipigia simu nipite kwenu Rebero nichukue kompyuta yako. Akasema, "Wewe ndiye mwanaye wa kazi, utajua cha kufanya nayo." Nilikwenda na kilio, nikarudi na hasira. Sina pa kuipeleka ila kwako.

Nimeuona mstari ulioufuta.

Unakumbuka nilipokuja kutoka Mwanza, sijui hata Kinyarwanda cha kuombea maji? Uliniandikia ubaoni kanuni ya maporomoko ya ardhi: mvua, udongo, mwinamo wa kilima. Ukanieleza kwamba lugha yetu hii ya kompyuta, inayokokotoa kwa alama, ina haraka. Neno "mvua" likishapewa thamani mahali popote, inaweka namba papo hapo. Kwa hiyo kabla ya kuigeuza kanuni kuwa programu ya mashine, sharti uizuie isikokotolewe. Mwinamo uwe namba, haubadiliki. Mvua ibaki jina, isubiri kipimo cha siku yenyewe. "Iache irale," ulikuwa ukisema kwa r yako ya Bujumbura, nami nacheka.

Kizuizi kile nilikiandika mimi. Ukakikagua, ukasema kiko sawa.

Halafu ikaja ile siku mvua ilinyesha tangu asubuhi na king'ora chetu cha tahadhari hakikulia. Kilima kikaporomoka, ukuta wa nyumba ukamvunja mguu yule mama anayekaa upande wa chini wa barabara. Walipoifungua programu wakakuta mvua imegandishwa humo kuwa sifuri, namba iliyobaki tangu majaribio ya kiangazi.

Mkutanoni, ofisini Kiyovu, mkurugenzi aliuliza, "Nani aliandika sehemu hii?" Nikakutazama. Ukafunga kalamu yako taratibu, ukasema, "Ni huyu mtoto. Bado anajifunza."

Mtoto! Mimi, mwenye miaka thelathini na minne.

Wakanitoa kwenye kanuni, wakanipa kujibu barua za malalamiko. Mwaka mzima niliamini ni kosa langu. Nilimpigia yule mama magoti nyumbani kwake. Hata wewe nilikuomba msamaha, Mzee. Na wewe… ukaupokea.

Sasa nimesoma kumbukumbu za mabadiliko ndani ya kompyuta yako. Jina lako, siku mbili kabla ya ajali. Ulikifuta kizuizi changu, mstari ule mmoja, ili namba ziingie mapema, programu iende kasi mbele ya wageni. Ukaandika pembeni, "Nitarudisha." Kesho yake baada ya ukuta kuanguka ulilifungua faili lilelile, ukaliangalia, ukalifunga. Ulikuwa unajua yote wakati umekaa pale mkutanoni.

Nilipokuja kukuona hospitalini Kibagabaga, wiki ile ya mwisho, ulinishika mkono. "Mwana wanjye, kuna kitu…" Nikangoja. Ukaniomba nikufungulie dirisha.

Nilifungua dirisha, Mzee!

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kila ninachokijua nimekipata kwako. Nikiandika kanuni, mkono wangu unafuata njia zako. Siwezi kukutoa humo, na sidhani kama ningetaka.

Kesho nitamwambia Mama Clarisse, asije akasikia kwa watu. Jumatatu nitampelekea mkurugenzi kumbukumbu zote, kisha nitakwenda kwa yule mama. Nakuahidi sitaongeza neno wala kupunguza. Wakiniuliza ulikuwa mtu gani, nitasema ulikuwa mwalimu wangu na ulinisingizia. Yote mawili.

Pumzika. Sijakusamehe bado.

Wako,
Neema