Kadi Isiyoandikwa Neno

Jumatano, 4 Mei 1955
Kadi za Idi. Nakata maua tangu asubuhi — mekundu, ya zambarau, ya manjano. Karatasi za shashi zimeisha, nimeletewa nyingine. Swaumu hainisumbui. Hakuna kinachonisumbua. Uweso amekufa mwishoni mwa Januari, nami mkewe sijalia hata tone. Waliokuja kuhani waliniona macho makavu, wakanong'ona. Wanong'one.

Wifi Mastura, dadake marehemu, anakaa nami hapa mtaani Usagara mpaka nitoke eda. Anasema watu wamezichoka kadi za dukani zenye farasi na theluji. Theluji, Tanga! Wanataka za mjane wa Uweso. Sawa.

Eda ikiisha narudi Tongoni kwa mama. Hilo ndilo pekee ninalolitaka.

Jumatatu, 9 Mei
Mvua. Waridi tu kutwa. Majani makubwa chini, madogo juu yake, madogo zaidi, gundi ya unga wa muhogo katikati, ncha unazikunja kwa kibanio cha nywele. Vidole vinajua. Mimi sipo.

Alhamisi, 12 Mei
Mastura kaleta kazi nyingine. Kadi moja, kubwa, ya mchumba. Ya nani? Mtu tu, anasema, anaona haya kujitaja. Nikauliza maua gani.

"Tia uyapendayo wewe, fundi. Kwani wewe si mwanamke?"

Na ndani nisiandike kitu. Kadi bila neno! Watu wana mambo. Nikasema sawa. Siku hizi kila kitu sawa, hata futari ikizidi chumvi.

Jumapili, 15 Mei
Nimeimaliza. Waridi moja jekundu, tabaka saba, asumini nyeupe kulizunguka. Kusema kweli ni nzuri. Nilimwonea kijicho huyo mchumba — kidogo, kikapita. Mastura kaitazama sana, kaifunga kwenye leso yake.

Jumamosi, 21 Mei
Shemeji Jaku, mdogo wake marehemu, kaja kutoka Pemba kula Idi. Kafikia kwa jirani, maana mimi ni mtu wa eda, hanioni wala simwoni. Nimesikia kikohozi chake tu barazani. Ni kikohozi cha Uweso kabisa! Nikaweka mkasi chini. Nikangoja nilie. Wapi.

Jumanne, 24 Mei
Mwezi umeandama jana. Takbiri, harufu ya pilau, watoto nje na nguo mpya. Mimi ndani na nguo zangu nyeupe za eda.

Baada ya adhuhuri Mastura kaingia na sinia la halua. Juu ya halua — kadi yangu. Waridi langu, asumini zangu. Nikauliza, mbona imerudi? Mchumba hakuipenda?

"Haijarudi," anasema. "Imefika."

Nikakaa kitako. Akanieleza taratibu, kama anayemlisha mgonjwa uji. Mjane wa eda hachumbiwi kwa maneno, ni haramu; kudokeza ndiko kunakoruhusiwa. Mwenye kadi ni Jaku, naye hakutamka wala hakuandika. Nikibaki na kadi, eda ikiisha atakuja kusema, nami nitakwenda kwake Wete, Pemba, niwe mke wa pili. Nikiirudisha kwenye sinia, basi, hakuna lawama.

"Usinijibu kitu, Mwanamkasi. Jibu ni mkono wako."

Nilitaka kuirudisha. Naandika hapa ili walau mimi nijue: nilitaka kuirudisha! Niliishika kwa nia hiyo hiyo. Lakini jani moja la waridi lilikuwa limebanduka njiani, linaning'inia. Na gundi ipo hapo hapo mbele yangu. Nikachovya kidole, nikalibandika, nikalibana lishike.

Kigelegele! Ndani ya nyumba ya eda! Mastura kajiziba mdomo, machozi yanamtiririka, kanibusu kichwani, kakimbilia barazani peku. Nikamwita. Sauti ilitoka ndogo, hata mimi sikuisikia vizuri.

Naandika kwa mkono mmoja, wa pili bado umebana jani. Huko nje Jaku anakohoa, anacheka, mtu anasoma dua, wengine wanaitikia amin. Naogopa. Ndiyo, hii ni hofu, nimeitambua — kitu cha kwanza kunigusa tangu Januari.

Mastura huyo anarudi. Nitamwambia nini — kwamba nilikuwa nabandika jani tu? Nani ataamini