Siku Mama Alipofaulu

Jumatatu, 3 Machi

Barua imekuja! Miezi kumi na moja tumeingoja, nimeisoma nikiwa bado mlangoni na viatu vyangu. Afisa wa tathmini kutoka ustawi wa jamii atafika nyumbani Alhamisi ya wiki ijayo. Atamwona Mama, atamuuliza maswali, atajaza fomu. Tukikubaliwa tunapewa mhudumu wa kila asubuhi — wa kumwamsha, kumwogesha, kumvalisha, kumketisha kitini. Tukikataliwa, Mama ataenda kule kwenye nyumba ya wazee, mwendo wa saa nne kwa basi. Njia ya tatu hakuna. Daktari amemwambia Dada bila kuzunguka: mgongo wake umechakaa, akiendelea kumnyanyua Mama hivi atakuwa wa pili kwenye kiti cha magurudumu.

Mama aliichukua barua kwa mkono wa kushoto, ule mzima. Akaisoma mara mbili. Miaka thelathini na minne alifundisha darasa la kwanza, hakuna karatasi inayompita hivi hivi. Akauliza ni maswali mangapi. Dada akasema hajui, labda ishirini. Haya, akasema Mama, akairudisha. Nilidhani yameishia hapo.

Jumamosi, 8 Machi

Mama ana jambo. Kila siku saa tisa alasiri anamwomba Dada asogeze kiti chake karibu na kitanda, kisha anataka mlango ufungwe saa nzima. Dada anadhani anasali. Leo nilikuwapo, nikasikia: kitu kinaburuzwa. Kimya. Kinaburuzwa tena. Nikabisha. Akaniambia niende nikatafute kazi ya kufanya. Mtu mzima wa miaka hamsini na mbili, nikaondoka na adabu zangu zote.

Alhamisi, 13 Machi

Niandike upesi kabla sijaanza kuyatilia shaka macho yangu.

Tulijiandaa kama watu wanaongoja posa. Dada alifagia mpaka nyuma ya kabati. Mama kavalishwa gauni la bluu, kasukwa, kapakwa manukato. Afisa ni mama wa makamo, mpole, begi limefura kwa karatasi — Dada keshampa jina, Bi Fomu. Akaanza. Unavaa mwenyewe? Ndiyo, akasema Mama, akafunga vifungo vitatu mbele yetu kwa mkono mmoja. Unakula mwenyewe? Ndiyo. Kuoga je? Mama akasema anaoga vizuri sana, ahsante. (Si uongo. Hakusema tu nani anamwogesha.)

Kisha Bi Fomu akauliza kama anaweza kutembea. Nikafungua mdomo nijibu. Mama akanitazama, nikaufunga. Akashika ukingo wa meza.

Akasimama!

Miaka miwili tangu kiharusi kimpige sijamwona akisimama bila kushikwa. Mguu wa kulia akauburuza — ndiyo ile sauti ya nyuma ya mlango! Hatua moja. Ya pili. Nilizihesabu. Sita, mpaka dirishani. Pale akageuka, akatuangalia mmoja mmoja, jasho linamtoka kwenye nyusi. Dada analia. Mimi nikapiga makofi, Mungu anisamehe, nikapiga makofi kama mwendawazimu. Sijawahi kuona jambo kubwa namna hii tangu nizaliwe. Nilitamani kupiga magoti, na kidogo nifanye hivyo.

Bi Fomu naye alitabasamu. Akaandika, akaandika tena, akampongeza, akaaga. Mlango ulipofungwa Mama akaniangukia mikononi mzimamzima. Tangu mchana yuko kitandani. Hata kikombe hakishiki.

Ijumaa, 28 Machi

Jibu limekuja. Mistari miwili. Mhusika anajitegemea. Hastahili huduma kwa sasa.

Nikapanda ghorofani kwa jirani yetu, nesi mstaafu, ambaye sisi humwita Nesi wa Juu. Nikamsimulia yote mpaka ya manukato. Alicheka akashika mbavu. Kisha akakasirika. Akanieleza taratibu kwamba fomu ile inahesabu usichoweza. Kila "siwezi" ni alama, kila "naweza" inakutoa nje. Akauliza kama tulikuwa tunamhudumia mgonjwa au tunamwoza.

Tumeula wa chuya. Mama amefaulu, ndiyo maana amekosa. Tuna siku kumi na nne za kukata rufaa.

Jumapili, 30 Machi

Nimemwambia Mama. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akauliza, kwa hiyo tunataka adanganye? Nikasema hapana, Mama, useme ukweli tu.

"Ule ulikuwa nini? Hatua hukuziona?"

Niliziona. Siku kumi alijifunza peke yake, mlango umefungwa, angeweza kuvunjika nyonga na tusisikie. Ana miaka themanini na mmoja! Halafu mimi ndiye nimwambie hazifai kitu. Nimetoka nikakaa kwenye ngazi za nje. Mama yangu ananitisha, tena nafurahi kutishwa naye.

Hakusema kama atakubali.

Jumatano, 2 Aprili

Mgongo wa Dada umekataa kabisa. Kalala sebuleni chini, hageuki. Nimeomba ruhusa kazini, mashine za kuchapa zitaningoja.

Kwa hiyo leo nimemwamsha Mama mimi. Yaani nimejaribu. Dada anatoa amri kutoka sakafuni. Goti lako liweke kati ya magoti yake. Usimvute mkono, utamng'oa bega. Mwambie kabla hujamgusa. Hesabu naye. Hatuoni, mlango uko upande mwingine, lakini kila nikikosea anajua — anasikia kitanda! Kumtoa tu kitandani mpaka kitini kuna hatua kumi na moja. Kumi na moja! Miaka miwili nimekuwa nikiamka namkuta Mama ameketi, kachanwa, kanawa, nami naaga naenda zangu kazini, kana kwamba ndivyo alivyoamka. Nimeona aibu. Lakini zaidi ya aibu, nimestaajabu. Nikamuuliza Dada nani alimfundisha haya. Akasema hakuna. Alijikaza kisabuni tu mpaka mikono ikajua.

Kuoga ndiko kulikoshindikana. Mama hataki nimwogeshe, hataki hata nisimame karibu. Mimi ni mwanawe wa kiume, basi, mjadala umefungwa. Nesi wa Juu hushuka anapoweza, naye ana magoti mabovu. Leo asubuhi hakuweza. Mama akakaa vilevile mpaka alasiri, hakulalamika hata mara moja.

Ijumaa, 4 Aprili

Fomu ya rufaa imejazwa. Nesi wa Juu aliandika, Mama alisikiliza. Kuna mahali pa kuchagua saa ya ziara. Hapo ndipo akasema: saa moja na nusu asubuhi. Nesi akamwambia watu huchagua saa nne, mgonjwa akishakuwa tayari. Mama akarudia, saa moja na nusu. Kisha akageuza uso ukutani.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika jikoni. Wao wako chumbani, mlango nusu wazi.

Bi Fomu alifika saa moja na nusu kamili. Dada amesimama tangu juzi, kafungwa mshipi wa mgongo. Alitaka angalau amchane Mama nywele. Mama akamwambia aache. Mgeni akamkuta hivyo hivyo: gauni la kulalia, nywele zimesimama, mdomo umelegea upande mmoja, shuka limelowa. Mama huyu, ambaye mgeni hajawahi kumkuta hata kifungo kimoja kimeachia!

"Karibu," akamwambia. "Hivi ndivyo ninavyoamka."

Kisha akaniambia nitoke.

Nasikia kila kitu. Unaweza kuketi mwenyewe? Siwezi. Kugeuka? Upande mmoja naweza, wa pili siwezi. Kufika chooni? Siwezi. Sauti haitetemeki. Sikumbuki kulisikia neno hilo kinywani mwake, si Baba alipofariki, si hata hospitalini baada ya kiharusi. Sasa anamtolea mgeni moja baada ya jingine. Nilidhani zile hatua sita ndilo jambo kubwa nitakaloliona maishani. Nilikosea, hili ni kubwa zaidi.

Bi Fomu anaandika, namsikia akigeuza karatasi.

Sasa wamefika kwenye kuoga. Bi Fomu anataka aone kunavyofanyika. Namsikia Dada anavuta pumzi, kitanda kinalia — Dada kapiga yowe, mgongo! Bi Fomu anaomba radhi, anasema kanuni hazimruhusu kumshika mgonjwa. Nesi wa Juu yuko kliniki na magoti yake. Bi Fomu anauliza, kazi hii inahitaji watu wangapi?

"Wawili," anasema Mama. "Na huyu hawezi tena. Msimwache aninyanyue."

Kisha anamwambia Dada:

"Mwite mdogo wako."

Dada anamuuliza kama ana hakika. Jibu silisikii. Dada ametokeza kichwa jikoni, macho mekundu, ananiambia ninawe, ningoje Mama afunikwe kwanza.

Nimenawa. Nimenawa tena. Wino wa kazini hautoki kwenye kucha. Sijui nitatazama wapi nikiingia mle. Sasa Mama ananiita yeye mwenyewe.