Kabula Hakuwa Amenenepa

Mayu, mama mkwe wangu,

Leo nimemfukuza mjukuu wako Kabula jikoni kwa kelele zake, nikakukumbuka ghafla.

Unakumbuka aliporudi kutoka ng'ambo kupasuliwa moyo, mwaka ule wa foleni za sukari? Kabla ya hapo alikuwa akitembea hadi mlangoni tu, anahema. Aliporudi akawa ametulia, analala mchana kutwa, mashavu yamejaa. Majirani wote hapa Ibadakuli wakaja kunipongeza: mtoto amenenepa! Basi nami kichwa kikavimba, nikawa namtoa nje kila mgeni akija.

Wewe peke yako hukushangilia. Ulimshika miguu ukaikuta baridi. Ulisikia sauti yake ilivyokuwa nzito. Jua linawaka, yeye anaomba blanketi. Tulikuwa tunachambua pamba na wanawake wa jirani uliposema, "Ndama akinenepa anaruka. Huyu amevimba."

Nikawaka. Nikakuambia mbele yao wote uache kumroga mwanangu.

Mayu, nilijua ninachosema. Huku kwetu, bibi mwenye macho mekundu ya moshi akishaambiwa neno hilo la uchawi, analala roho mkononi, akihofia mapanga. Wale wanawake waliinamia pamba yao.

Kesho yake ulimfunga Kabula mgongoni, ukaniambia nivae viatu twende stesheni. Kule Mwanza daktari alimpima damu. Moyo umepona vizuri, alisema, ila baada ya upasuaji mkubwa tezi ya shingoni ya mtoto huweza kupunguza homoni inayouchangamsha mwili. Wengi hurudi sawa wenyewe; ya Kabula ilikuwa imechelewa. Akampa vidonge. Nililia pale pale kwenye benchi, nawe ukaniuliza kama nimebeba uji.

Wiki chache baadaye alivunja chungu chako akikimbiza ndama. Nilikaa chini nikacheka mpaka mbavu zikauma. Siku hizi hata vidonge hamezi tena.

Lakini radhi sikukuomba. Nilikupikia, nikakufulia, nikajidanganya kwamba yanatosha, mpaka ulipofariki usingizini, kwa uzee wako, kitandani kwako. Nikikumbuka hivyo napumua, Mayu. Neno langu halikukufikisha pabaya.

Nilikutukana hadharani, basi na hili nalisema hadharani: hukuwa mchawi. Ulimwona mwanangu mimi nikiwa natazama mashavu. Nisamehe.

Jumapili nitawaita wale wanawake wa pamba, niwasomee barua hii mwenyewe, Kabula akiwa amekaa mbele yao. Kama atakubali kukaa.

Pumzika, Mayu.

Mkweo,
Mama Kabula