Alichougua Kaka

8 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Sisi wazima, ila kichefuchefu kimenifanya nichukie hata harufu ya sabuni. Mimba ina wiki tisa.

Kliniki wametupima damu. Mimi na mume wangu sote tumebeba selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ingawa hatuumwi. Mtoto anaweza kuirithi kwetu sote wawili, akaugua. Nikifika wiki ya kumi na moja watachukua kijipande cha kondo la nyuma kwa sindano, wakipime. Daktari anauliza kama kwetu kuna aliyewahi kuugua hivyo. Mama, kaka yangu alikufa kwa ugonjwa gani hasa?

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo siku hizi unaniheshimu, cherehani ndiyo inayonigomea. Kaka yako alikuwa na homa tu. Kwetu damu ni safi, mwambie daktari wako asitafute maneno. Lamba ndimu, kichefuchefu kitapungua.

Mama

2 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Kimya chako kimenishinda. Leo nimeharibu sare tatu za shule, zote nimezikatia mikono ya kulia mitupu.

Nilikudanganya. Haikuwa homa. Kaka yako aliugua selimundu tangu ana miezi saba, vidole vilipomvimba. Bibi yako mzaa baba akasema nimeingiza damu mbovu kwenye ukoo wao. Kwa aibu nikawaambia watu ni homa, hadi nikazoea. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, mimi nikaficha hata baada ya kifo. Alikuwa na miaka sita, na kwa vichekesho aliwashinda nyote. Nisamehe.

Mama

20 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nilikuwa kimya nikingoja majibu. Barua yako ilinikasirisha, sikufichi, lakini hasira imepita.

Mtoto ana selimundu. Daktari alitueleza njia zote, wala hakutusukuma. Mume wangu alilia. Mimi niliosha vyombo ambavyo nilikuwa nimeshaviosha. Tulizungumza siku nne, tukaamua tutamzaa.

Daktari anajua dawa, na anasema siku hizi zipo nzuri. Ila hajawahi kumlea mtoto wa namna hiyo, wewe umemlea miaka sita. Njoo ukae nasi. Unifundishe ulivyomshika vidole vikivimba, maji ulivyombembeleza anywe, na maumivu ulivyoyajua kabla hajalia. Na vichekesho vyake pia, mama, usiache hata kimoja.

Mwanao