Pasi Juu ya Kichwa

Kaloleni, Nairobi
12 Novemba 1978

Dada yangu Nerima,

Salamu zikufikie wewe, shemeji na watoto wote. Je, goti lako limepoa? Na mahindi, mmekwisha kuvuna? Sisi huku tunavuta pumzi, Mungu asifiwe.

Nimesikia kwamba jirani yangu Andati, alipokuja huko likizo, aliwaambia eti nimeingia ndondi. Mwongo yule! Lakini lisemwalo lipo. Kila asubuhi nashika ile pasi ya makaa kwa mkono wa kushoto, naiinua juu, nakunja kiwiko mpaka ifike nyuma ya shingo, kisha nanyoosha tena. Mimi, mama wa miaka arobaini na sita! Koki wa mlango wa pili aliponiona dirishani alicheka mpaka akashika ukuta, akaniuliza ni nani nimepanga kumtwanga.

Mwalimu wangu ni Wamalwa mwenyewe. Unakumbuka alivyokuwa akiinua vyuma pale ukumbini kabla hatujaoana, kifua mbele kama jogoo. Sasa anakaa kitandani akinigombeza: kiwiko kisiachane na sikio, mgongo usipinde, pasi ishuke polepole maana umri wetu hautaki pupa. Nilianza na pasi tupu. Siku hizi ananiambia niijaze kokoto. Mwanzoni nyama ya nyuma ya mkono iliniuma hata kuchana nywele nikashindwa. Nilimtukana, akacheka. Kicheko hicho nilikuwa nimekikosa tangu Pasaka.

Utauliza kwa nini mkono mmoja tu. Dada, keti chini kwanza. Wakati wa Pasaka Wamalwa alianguka kazini, na upande wake wa kulia ukapooza, haujarudi hadi leo. Alinikataza kuwaandikia, na Andati naye akaapishwa asiseme. Ninapomtoa kitandani, mkono wangu wa kulia humkumbatia mgongoni, na wa kushoto husukuma kitanda ili tuinuke. Huo wa kushoto ndio ulikuwa ukinisaliti. Siku moja tuliporomoka wote wawili, tukalala sakafuni mpaka Koki alipokuja.

Nduguze wanakuja Krismasi. Najua watakalosema: ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, kwa hiyo wamrudishe nyumbani kwao, nami nibaki hapa na kibarua changu. Yeye hataki, na mimi sitaki kabisa. Zizi lake ni mimi! Nataka wamkute amesimama mlangoni.

Jana nilimwinua peke yangu. Mkono ulitetemeka weee, mwishowe ukanyooka. Tulisimama tumeshikana, nikataka kumtazama usoni, ikabidi niinue kichwa. Nerima, nilikuwa nimesahau kwamba mume wangu ni mrefu. Nililia kama mtoto.

Nisalimie mama, umweleze haya yote taratibu. Wamalwa anakusalimu sana, na anasema niache kalamu nishike pasi.

Ni mimi mdogo wako,
Nasike