Pipa liko humo humo ndani

Nshambya, Jumapili usiku

Si virusi. Kanisani nimemwambia kila mtu kompyuta yangu imejazwa na virusi, tena vya kutoka ng'ambo, lakini hapa naandika peke yangu.

Dada yangu Paulina alikuja jana kutoka Ijumbi na flashi yenye video ya marehemu mama. Flashi imezeeka, inafunguka ikijisikia. "Hamishia kwako kabla haijafa," akasema. Nikamjibu kwamba kompyuta yangu inameza Muleba nzima na migomba yake. Yenyewe ikaandika kwamba diski imejaa.

Kilichoijaza ni hotuba zangu za harusini. Kila nikimaliza kuitazama moja nilikuwa naihifadhi tena kwa jina jipya, isije ikapotea.

Nikazifuta zote, roho ikiniuma. Diski bado imejaa. Nikawaeleza dada na mke wangu kwamba hotuba nzito huacha alama kwenye chuma.

Mke wangu akacheka, ingawa heshima ya Ta hakuiacha. "Ta Rwiza, umezitupa kwenye pipa, na pipa lenyewe liko humo humo ndani. Limwage."

Mimi nilidhani ni kama maganda ya ndizi, ukishayatupa kibanjani chini ya migomba basi. Pipa likauliza kama nina uhakika. Sikuwa nao, lakini taa ya flashi ilishaanza kufifia. Nikabonyeza.

Mama akaingia mzima. Tukamfungua. Nasikika pembeni nikisimulia nilivyomfukuza kiboko kwa ndala, naye anasubiri, anasubiri, kisha anageuka.

"Rwiza mwanangu, nipishe kidogo na mimi niseme."